Mama Yake Yuko Wapi?

"Mzuri," akasema. "Mama yake yuko wapi?"

Tulikuwa tumesimama kwenye korido ya kituo cha afya, hapa Morogoro, asubuhi ya siku ya kliniki. Wajawazito walijaa mabenchi yote, na waliokosa nafasi wametandika khanga wakakaa chini. Sista, mkunga wa miaka mingi, alikuwa ameshika rasimu ya bango langu kwa mikono miwili, kaisogeza mbali kidogo na macho kama anayesoma Biblia bila miwani.

Bango lilikuwa na picha sita za mtoto tumboni, kuanzia wiki ya 8 hadi ya 36. Kila mtoto anaelea peke yake ndani ya duara la buluu iliyokolea, mwanga unamjia kutoka upande wa kushoto, ngozi inang'aa, vidole vinaonekana kimoja kimoja. Usiku mwingi nilikuwa nimeumaliza kwenye ule mwanga tu.

Nikacheka. Nikamwambia, "Sista, mama ndiye atakayelisoma bango."

Akanitazama. "Haya mdogo wangu," akasema, akanirudishia karatasi, akamwita aliyefuata kwenye foleni.

Basi. Hakuna kingine alichosema.

Lile swali lilipanda nami bodaboda hadi nyumbani, likakaa nami wiki tano.

Usitie kivuli

Waliosoma baiolojia wanazijua sheria. Penseli iliyochongwa, mstari usiokatika, mistari ya majina isipishane, na kivuli marufuku. Nikiwa kidato cha tatu nilichora mtoto tumboni, na kwa kuwa nilikuwa najiona fundi, nikamsugua shavu kwa ncha ya kidole mpaka likawa la mviringo kabisa, unatamani kulifinya. Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hii si sanaa." Akakata alama mbili.

Kinyongo hicho nimekilea zaidi ya miaka ishirini. Nadhani hata kazi hii ya kuchora nimeifanya kwa sehemu fulani ili nimwonyeshe.

Lakini baada ya swali la sista nilianza kumwelewa yule mwalimu, jambo lililoniudhi. Mstari unasema tu kwamba kitu hiki kinaishia hapa na kile kinaanzia pale. Kivuli kinasema zaidi ya hapo. Kinasema kuna taa mahali fulani, na kuna mtu amesimama upande wa pili anatazama. Sasa ndani ya mji wa mimba taa inatoka wapi? Mle ni giza, au karibu na giza. Ukimchora mtoto aliye tumboni kwa mwanga mzuri kutoka kushoto, umekwisha kufungua tumbo. Umelifungua bila kusema umelifungua.

Bango langu lilikuwa na matumbo sita yaliyofunguliwa, na hakuna tone la damu.

Nikaanza kurudi nyuma, kuwatafuta waliochora kabla yangu, nione wao walimweka wapi.

Dirisha kwenye chupa

Wa kwanza niliyekaa naye ni Jan van Rymsdyk, mchoraji mwenye asili ya Uholanzi aliyefanya kazi Uingereza karne ya 18. Aliyemwajiri alikuwa William Hunter, tabibu Mskoti aliyezalisha wake za wakubwa wa London, Malkia Charlotte akiwemo. Mwaka 1751 Hunter alipata nafasi yake ya kwanza nzuri ya kuupasua mwili wa mwanamke aliyefariki akiwa na mimba iliyokaribia kutimia. Kitabu kilitoka 1774: picha 34, kurasa kubwa kama trei, nyingi zimechorwa kwa ukubwa ule ule wa mwili. Michoro ya awali, ya chaki nyekundu, ipo hadi leo chuo kikuu cha Glasgow.

Sijui nizielezeje picha zile kwa mtu ambaye hajaziona. Mtoto amejikunja kichwa chini, amelala usingizi, nywele zimegandana kwa maji, sikio limekunjwa na mkono uliolibana. Nimechora watoto wengi na sijawahi kuchora sikio kama lile. Kisha jicho linashuka, linakutana na mapaja ya mama. Yamekatwa. Yamekatwa mviringo, mfupa katikati, nyama inauzunguka, kama paja linaloning'inia buchani. Rymsdyk ameyachora kwa uangalifu ule ule aliolichorea sikio.

Juu, mama anaishia tumboni. Hana kifua, hana uso, hana jina. Hunter katika dibaji yake anamshukuru mchonga sahani za kuchapia, Robert Strange, kwa jina. Rymsdyk hamtaji. Kwa hiyo wenye kazi waliokosa jina ni wawili, aliyechora na aliyechorwa, lakini aliyechora angalau tumemjua baadaye.

Hunter aliandika pia kuhusu namna mbili za kuchora. Ya kwanza, unachora kitu kimoja kama kilivyokuwa mbele yako, na makovu yake. Ya pili, unaunganisha ulivyoviona mara nyingi ukatengeneza mfano mmoja kichwani. Yeye alichagua ya kwanza. Na Rymsdyk alimtii mpaka akapitiliza, maana katika picha mojawapo, juu ya utando unaong'aa wa ile tunayoiita chupa, kuna dirisha.

Dirisha la chumba. Vioo vyake vya mraba vimejiakisi kwenye utando wenye maji, na Rymsdyk, aliyeambiwa achore alichokiona, akalichora.

Picha hiyo niliitazama muda mrefu kuliko zote. Ukiliona lile dirisha ndipo unapoelewa uko wapi. Hauko tumboni. Uko kwenye chumba cha London, mezani pana maiti, nje ni mchana, na mchoraji anakimbizana na kuoza. Mwanga wangu wa buluu kutoka kushoto nao ulikuwa wa dirisha, ila mimi nilikuwa nimelifuta.

Kondo la ng'ombe

Wiki ya pili nilirudi kituoni. Nilijiambia nakwenda kuuliza kuhusu vipimo vya wiki ya 20. Nilikwenda kwa sababu sikuwa nimelala vizuri.

Sista alikuwa amemaliza zamu, anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki. Nikamwonyesha kwenye simu mchoro unaopendwa kuliko yote wa aina hii, ule wa Leonardo da Vinci wa mnamo 1511, uliohifadhiwa Windsor kwenye mkusanyo wa kifalme. Mtakuwa mmeuona hata kama hamjui mlipouona: mji wa mimba umefunguliwa kama ganda la tunda, mtoto amejikunyata ndani, goti limepandishwa, kichwa kimeinama, na pembeni pote maandishi yale yake ya kwenda kinyumenyume.

Nilitarajia aguswe. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaivuta huku na huku.

"Kwanza huyu katanguliza makalio."

Akaendelea kuvuta.

"Halafu hili kondo ni la ng'ombe."

Nikamwambia haiwezekani. Akaniambia yeye kazaliwa Singida, nyumbani kwao walikuwa na ng'ombe, na tangu akiwa mtoto alimshikia baba yake taa kila ng'ombe alipozaa kondo likagoma kutoka. "La mtu ni moja, la duara, linajaa beseni. Kila siku nalikagua mimi, kipande kikibaki ndani mama anatokwa damu. La ng'ombe lina vifungo. Hivi hapa." Akagonga kioo cha simu kwa ukucha, kwenye vile vichoro vidogo vya pembeni ambavyo siku zote nilivipita haraka.

Nilipofika nyumbani nikahakikisha. Ni kweli, na wasomi wanalijua jambo hilo zamani. Leonardo alikwisha kuuchora mji wa mimba wa ng'ombe miaka michache kabla, na alipomchora mtoto wa binadamu akamfunga kwenye kondo lenye vifungo, kama la ndama. Miaka 500 watu wanausifu mchoro, na sista kautambua kondo lake kabla chai haijapoa.

Kilichonishika zaidi ni maandishi. Kwenye karatasi zile Leonardo ameandika kwamba mtoto tumboni hapumui, na kwamba roho moja inaitawala miili yote miwili. Woga wa mama na maumivu yake humfika mtoto kama yanavyofika kiungo chochote cha mwili wake. Kwa maneno, basi, mama alikuwepo tele. Kwa mkono, amekuwa ganda.

Sijui kwa nini kalamu moja ifanye hivyo. Ila nilianza kuwa na shuku.

Kuku akienda kula

Bibi yangu, Pangani, alikuwa akimulika mayai. Kuku akiwa ameatamia siku sita au saba, bibi anasubiri giza, anamsogeza kuku taratibu, anachukua yai moja moja analizungushia kiganja, chini yake tochi. Yai zima linawaka kama taa ya chungwa. Ukiona utando mwekundu kama buibui, na doa jeusi linalocheza, analirudisha. Likiwa wazi tupu au limevurugika, ni yai viza, linawekwa kando. Mimi nilikuwa na kazi moja, kumzuia kuku.

Hiyo ndiyo michoro yangu ya kwanza ya kiinitete, yaani kiumbe kikiwa bado katika hatua zake za mwanzo. Nilikuwa na miaka sita hivi, na nilidhani ni bibi peke yake duniani ajuaye kufanya hivyo.

Kumbe sayansi nzima ya kiinitete imeanzia hapo, kwa kuku. Aristotle alieleza mayai yaliyofunguliwa hatua kwa hatua, na jinsi moyo unavyoonekana siku ya tatu kama nukta ya damu inayorukaruka. Fabricius wa Padua alikuwa na kitabu cha kifaranga na yai chenye picha nzuri, kilichotoka 1621. Marcello Malpighi aliyatazama kwa darubini miaka ya 1670. Kisha akaja kijana Christian Pander, mtoto wa tajiri wa Riga, aliyekwenda Würzburg akafungua mayai zaidi ya 2,000. Rafiki yake Karl Ernst von Baer alikuwa na hamu ile ile lakini hakuwa na mfuko, maana gharama haikuwa mayai tu. Kulikuwa na mtu wa kulinda joto usiku na mchana, na kulikuwa na mchoraji.

Mchoraji huyo, Eduard d'Alton, ndiye kwangu fundi wa ile kazi ya 1817. Kitu alichopewa kuchora hakina ukingo. Kiinitete cha kuku siku ya kwanza ni utando juu ya kiini, mweupe ndani ya weupe, ukivuta pumzi vibaya umekikosa. Kutokana na kuutazama utando huo Pander akaeleza yale matabaka matatu ambayo mwili wote hutokana nayo. D'Alton alilazimika kuamua kila mstari uwekwe wapi mahali ambapo jicho halioni mstari.

Yule mwalimu wangu angempa alama ngapi?

Lakini nilikuwa nasema kuhusu shuku. Ni hii. Kuku anataga, anaatamia, na akisikia njaa anainuka anakwenda kula. Yai linabaki. Unaweza kulichukua, kulifungua, kulichora, na mama yake anaendelea kuchakura uani, hakuna aliyemgusa. Walioanzisha ufundi huu walijifunza kumtazama mtoto kwa kiumbe ambacho mtoto wake anatengana naye tangu mwanzo. Mkono ukazoea. Walipomgeukia binadamu, ambaye mtoto wake hana siku hata moja ya kuwa peke yake mezani, wakamchora vilevile, ndani ya duara, kama yai.

Inawezekana nakosea. Hunter hakuwa mtu wa mayai, na kisu chake kilikuwa kikali kuliko cha wote. Lakini nilipoyatazama yale maduara yangu sita baada ya kumkumbuka bibi, niliona mayai.

Kipande kimoja cha mti

Hapa lazima niungame kitu.

Mwaka 1799 Mjerumani Samuel Thomas von Soemmerring alitoa kitabu cha viinitete vya binadamu, vimechorwa na Christian Koeck, vimepangwa kutoka kidogo hadi kikubwa kama watoto wa shule kwenye mstari wa asubuhi. Leo hatuoni ajabu, kila bango la kliniki limepangwa hivyo. Wakati ule ilikuwa kazi ngeni, kwani kila kimoja kilikuwa kimetoka kwa mwanamke wake, kwa msiba wake, na kuviweka kwenye mstari mmoja ni kusema: huyu ni yule yule, anakua. Soemmerring alichagua vilivyoumbika vizuri. Vilivyopinda havikuingia. Tangu hapo msiba wa wanawake wengi ukawa hadithi ya mtoto mmoja.

Miaka 69 baadaye Ernst Haeckel, profesa wa Jena, mchoraji wa hali ya juu, alitaka kuonyesha kwamba wanyama wenye uti wa mgongo mwanzoni hufanana. Katika kitabu chake cha 1868 aliweka picha tatu ubavu kwa ubavu: kiinitete cha mbwa, cha kuku, cha kobe. Vinafanana kweli. Vinafanana kwa sababu ni kipande kimoja cha mti cha kuchapia picha, kilichochongwa mara moja kikagongwa mara tatu. Ludwig Rütimeyer wa Basel akaliona akalisema. Haeckel akarekebisha toleo lililofuata, lakini 1874 akatoa safu nyingine za picha, na Wilhelm His, mtu wa vipimo na mashine za kuchorea, akamshukia. Ugomvi haujaisha kabisa: 1997 Michael Richardson na wenzake walichapisha picha za viinitete halisi, wakaonyesha kwamba vinatofautiana zaidi kuliko vile alivyovichora Haeckel.

Nilisoma yote hayo nikitikisa kichwa. Profesa mzima!

Kisha nikafungua faili la bango langu.

Mtoto wa wiki ya 12 na wa wiki ya 16 walikuwa mtoto mmoja. Nilimchora mara moja, nikamnakili, nikamkuza, nikambadilisha mkono kidogo. Nilikuwa nimesahau kabisa. Ilikuwa saa saba usiku, muda wa kupeleka kazi umekaribia, nikajiambia nani atajua.

Na lingekuwa jambo dogo kama lisingekuwa uongo wenye kipimo. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu kichwa ni karibu nusu ya urefu wa mtoto anapopimwa kutoka utosini hadi makalio. Kisha kiwiliwili kinaanza kukimbiza kichwa, na siku ya kuzaliwa kichwa ni robo tu ya urefu wake wote. Kukua kwenyewe ndiko huko, uwiano unaohama. Ukikuza picha, unakuza na kichwa. Mama aliyekaa benchi akatazama bango langu angejifunza kwamba mtoto ni kitu kinachoongezeka kama unga wa maandazi.

Nilimfuta wa wiki ya 16. Kisha nikakaa, kwa sababu hata Haeckel na His, waliochukiana vile, kwenye jambo moja walikubaliana bila kuulizana. Kiinitete kiko katikati ya karatasi nyeupe. Baada yao, kule Baltimore, taasisi ya Carnegie ilianzisha idara ya embriolojia, yaani elimu ya viinitete, mwaka 1914, ikakusanya maelfu ya viinitete kutoka kwa madaktari, vya mimba zilizotoka na vya upasuaji, ikapata wachoraji bora kabisa kama James Didusch, na kazi yake ikazaa zile hatua 23 za wiki nane za mwanzo zinazofundishwa hadi leo. Kila kiinitete kilipewa namba. Namba ni ya kiinitete.

Masikio

Rangi nilikuwa nimeiacha mwisho kwa makusudi.

Mnakumbuka Desemba 2021, ule mchoro uliozunguka dunia nzima kwenye simu: mtoto mweusi ndani ya tumbo la mama mweusi, kazi ya Chidiebere Ibe, Mnigeria aliyekuwa akijifunza udaktari. Mimi uliniingia kwenye kundi la familia mara nne, mara ya nne umetumwa na shangazi asiyetumaga kitu ila maombi. Watu wengi walisema hawajawahi kuona wa namna hiyo. Nilijiuliza, nikakuta na mimi sijawahi, na hii ndiyo kazi yangu. Uchunguzi mmoja uliochapishwa 2018 ulihesabu picha zaidi ya 4,000 katika vitabu vinne vinavyotumika sana kufundishia udaktari. Zenye ngozi nyeusi zilikuwa asilimia 4.5.

Kwenye bango langu watoto walikuwa wa rangi ya chungwa hivi, ya nyama nyama. Hakuna aliyeniambia nichague hiyo. Mkono uliichagua kwa kuwa ndiyo ilikuwa kwenye kila kitabu nilichokopia.

Wakati ule kulikuwa na wajuaji waliobisha. Mtoto tumboni, walisema, hata wa Mwafrika, hajawa mweusi kiasi hicho. Nikaenda kusoma, na wana sehemu ya ukweli. Miezi ya mwanzo ngozi ni nyembamba kama karatasi ya mafuta, mishipa inaonekana, na watoto wetu wengi huzaliwa weupe kiasi, kisha wanakolea kadiri siku zinavyokwenda. Hakuna bibi asiyejua hilo. Mtoto akitoka leba, bibi hatazami shavu, anageuza sikio, anatazama ukingo wake na mizizi ya kucha, kisha anatangaza: huyu atakuwa wa baba yake.

Lakini hoja hiyo inakata pande zote mbili. Kama ngozi ya wiki ya 10 haina rangi, basi ile ya vitabu nayo si rangi ya wiki ya 10. Ni rangi ya mtoto wa Kizungu aliyekwisha kuzaliwa, amerudishwa tumboni kwa ajili ya picha. Hao wajuaji hawakuwahi kuibishia hiyo.

Nilirudi kwenye mchoro wa Ibe nikiwa na swali la sista kichwani. Mwaka ule, kama kila mtu, nilimtazama mtoto. Safari hii niliona kilichomzunguka. Kuna ngozi ya mama. Kuna tumbo lenye ukingo, na ukingo ule ni wa mtu. Weusi wa mtoto unasomeka hivyo kwa sababu kuna mwili ambao yeye ni wake, na nadhani hilo ndilo lililomfanya shangazi atume, ingawa yeye aliandika tu "Mungu ni mwema."

Kumrudisha

Kumrudisha mama kwenye picha ni kazi ngumu, na sitadanganya kwamba nimeiweza.

Jaribio la kwanza nilimchora kwa mstari mwembamba wa kijivu kuzunguka maduara. Akawa mzimu.

La pili nikampa uso. Mara akawa mtu fulani. Mume wangu akasema anafanana na yule mama wa dukani, na akawa sahihi. Bango zima likawa linamhusu mama wa dukani na mimba yake.

La tatu nikasema uso si lazima. Nikaanzia chini ya kifua nikaishia juu ya magoti, nafasi ikatosha vizuri, nikaridhika. Nikaenda kuchota maji. Nilipogeuka nikaona nilichofanya kutoka mlangoni: nimemkata shingo na miguu. Kwa mpangilio safi, kwa rangi nzuri, nimemrudisha mezani kwa Hunter.

La nne ndilo nililolipeleka. Nimewatoa watoto wanne, wamebaki wawili, kwa sababu mama sita hawaenei na mama mmoja mwenye mimba sita ni kichekesho. Mama amekaa kwenye benchi, benchi la kituo kile kile, ameegemea ukuta. Yuko mzima, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kandambili. Khanga imefungwa juu ya tumbo, na pale mtoto alipo sikulifungua tumbo. Nimeacha mstari tu, mstari mmoja usiokatika, bila kivuli, unaopita juu ya khanga kama uzi wa fundi cherehani. Kondo ni moja, la duara. Kitovu nimekihesabia mishipa yake mitatu. Mtoto ametanguliza kichwa.

Jina la khanga lilinigharimu siku mbili. Mteja alitaka liondolewe kabisa, eti watu watasoma khanga badala ya bango. Nikampinga, kisha nikaona ana haki, nikalificha kwenye mkunjo.

Sista alikuwa leba, nikamsubiri saa mbili. Alipotoka alikuwa amechoka, mikono bado ina unyevu, akaipangusa kwenye aproni kabla ya kuipokea karatasi. Akaisogeza mbali na macho. Safari hii hakumtazama mtoto kabisa. Macho yalianzia usoni pa mama, yakashuka begani, yakapita kwenye ile kazi yangu yote ya mstari bila kusimama, yakatua chini, kwenye kandambili. Miguu sijui kuichora, sijawahi kujua; huwa inatoka minene.

Akakunja uso.

"Huyu miguu imevimba," akasema. "Presha amepima?"